Maziwa ya Bibi Adija

Neno lenyewe lilitoka kwa nia njema, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeweza kulikasirikia.

Wanawake walikuwa wamekaa uani kwa mama Hayat, huko Buyenzi, mjini Bujumbura, wanamenya vitunguu saumu. Posa ya Faridi ilikuwa imekubaliwa wiki iliyotangulia, na asubuhi hiyo wanawake wa pande mbili walikutana kupanga siku ya ndoa. Bibi Kashindi alipewa kiti chenye mgongo, kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wote pale, na kwa kuwa alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta wa marehemu Adija, bibi yake Hayat mzaa mama. Alimtazama Hayat akipita na sinia, macho chini kama kawaida yake, akatabasamu kwa fizi zake zote.

"Kumbe mapenzi iko na njia yake," akasema. "Huyu Faridi wenu, Adija alimunyonyesha na ziwa lake mwenyewe. Shemsa mama yake alikuwa amelala hospitali, na mutoto alikuwa mwekundu, mudogo kama kidole. Adija akamuchukua. Huku Ramazani wake, huku Faridi. Adija alikuwa mutu, nawaambia."

Kisu cha mama Hayat kilisimama katikati ya kitunguu.

Houda, shangazi yake Faridi aliyemlea, aliweka sahani yake chini polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Bibi Kashindi aliwatazama mmoja mmoja, na wote waliona neno lile likimrudia, likimfikia, likimkaa. Akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Ya Rabi," akasema. "Nimesema nini mimi?"

Alikuwa amesema hivi: kama Faridi alinyonya ziwa la Adija, basi Faridi ni mtoto wa Adija wa kunyonya. Na kama ni mtoto wa Adija, basi ni ndugu wa mama Hayat. Na ndugu wa mama ni mjomba, na mjomba haoi mpwa wake, hata mahari iwe imeshapokelewa na kadi zimeshachapwa.

Hayat alisimama na sinia yake mlangoni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Katika miaka hiyo yote alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwa sauti, na kitu hicho kilikuwa Faridi.

*

Sheikh Uthmani aliwasikiliza wote kesho yake, baada ya sala ya alasiri. Hakuwa mtu wa kukemea. Alimuuliza Bibi Kashindi kwa upole, mtoto alinyonya mara ngapi, kwa maana mara moja au mbili si sawa na mara tano za kushiba.

"Sheikh, nani anahesabuka maziwa?" akasema Bibi Kashindi. "Shemsa alilala wiki tatu. Ilikuwa ile mwaka ya ville morte, maduka kufuli, barabara kufungwa, hata maziwa ya kopo hakuna. Mutoto angekula nini, mawe?"

Sheikh akawageukia wengine.

"Kuna watu wengine waliokuwa pale?"

Hakukuwa na mtu. Adija alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Shemsa alikufa Faridi akiwa bado mdogo, na Idi, baba yake, akamfuata Faridi alipokuwa anajifunza ufundi. Houda wakati ule alikuwa ameolewa Kigoma. Mama Hayat mwenyewe, msichana wa miaka kumi na tatu, alikuwa amepelekwa Rumonge kwa bibi yake tangu mwanzo wa mwaka ule, akae mbali na risasi. Majirani wengine, nusu walikuwa kaburini na nusu walikuwa wametawanyika kwenye nchi za watu.

"Simwiti Bibi Kashindi mwongo," Sheikh akasema. "Wala yeye hana sababu ya kusema uongo. Lakini ni mtu mmoja, na ni miaka mingi. Mimi siwezi kufungisha ndoa juu ya shaka, na siwezi kuivunja juu ya shaka. Tafuteni kitu kinachosimama. Nitasubiri mpaka wiki moja kabla ya mfungo. Ikifika bila kitu, nitawaambia muiache."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Zile siku zilizofuata zilikuwa na uchungu wake na vichekesho vyake. Mchumba hakai chumba kimoja na mchumba wake, lakini mjomba anaingia mpaka jikoni. Basi watoto wa mtaani, ambao habari huwafikia kabla ya wenye habari, walimpokea Faridi kona ya barabara wakimwita "mujomba, mujomba". Na mama Hayat, ambaye hakujua ampe Faridi kiti cha nje au cha ndani, alikuwa anampa kiti mlangoni kabisa, miguu ndani na mgongo nje. Faridi alikunywa chai yake hapo na kuondoka. Hayat alimsikia kutoka nyuma ya pazia akikohoa kile kikohozi chake kifupi, na hakutoka.

Wazo la vitabu lilitoka kwa Faridi. Alikuwa fundi wa pampu za dizeli, na fundi kabla ya kubadilisha kitu hutafuta kwanza ni wapi kinavuja.

"Bibi anasema nilinyonya pamoja na Ramazani," alimwambia mama Hayat siku moja pale mlangoni, kwa sauti ya kumfikia aliyekuwa nyuma ya pazia. "Karatasi yangu inasema nilizaliwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tano. Ramazani alizaliwa lini?"

Mama Hayat hakuwa na hakika. Ramazani, ndugu yake wa mwisho, alikuwa anafanya kazi Lusaka. Alipoulizwa kwa simu alisema pasipoti yake inasema tarehe moja mwezi wa kwanza, na kwamba tarehe hiyo alipewa na mtu wa dirishani aliyekuwa na haraka. "Mi nijue nini?" akasema. "Nilikuwa nanyonya."

Kama Ramazani alizaliwa mwaka mmoja kabla au mwaka mmoja baada, hadithi ya Bibi Kashindi ingeanguka yenyewe. Lakini mkuu wa ofisi ya nyaraka alimwambia Faridi kwamba vitabu vya zamani havifunguliwi na yeyote tu. Kwa Ramazani lazima aje mtu wa damu ya Adija. Mama Hayat alikuwa na miguu iliyovimba, hawezi kusimama foleni.

"Nitaenda mimi," pazia likasema.

*

Vitabu vya zamani vya uzazi na vifo vya mitaa ya mji vilikuwa vimewekwa kwenye depo moja huko Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, nyumba ndefu ya bati iliyowahi kuwa ghala ya nyuzi. Harufu ya sabuni inayopikwa kiwanda cha jirani iliingia madirishani. Hayat alipita mlango mara mbili kabla ya kuingia. Ofisi zilimtisha. Alikuwa ameacha shule mwaka wa nne, baba yake alipofariki, na tangu hapo kila alipomwona mtu mwenye meza na kalamu alihisi ataulizwa kitu asichokijua.

Mwanamke aliyekuwa mezani aliitwa Concilie. Alikuwa mnene, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi shingoni. Alichukua karangamuntu ya Hayat, kitambulisho chake, akaiweka kwenye droo kama dhamana, akamwonyesha beseni.

"Nawa mikono. Kausha vizuri. Kalamu ya wino hapana, ya risasi tu. Unatafuta nani?"

Hayat akasema, lakini alisema ndani ya mtandio.

"Mwanangu, vitabu hivi vimekaa kimya vya kutosha. We sema."

Akasema tena. Concilie akaenda, akarudi na kitabu kikubwa kama mlango wa kabati, kimefungwa kwa kamba, jalada limeliwa pembeni na mchwa. Akamfundisha maneno mawili ya Kifaransa kwa kidole: hili ni alizaliwa, hili ni mtoto wa. Mengine yote aliyaita pambo la serikali.

Hayat alisoma kama alivyosoma shuleni, kidole chini ya neno, midomo ikitembea. Siku ya kwanza alimaliza mwezi wa kwanza wote, hakumwona Ramazani. Moyo wake ukaanza kucheka: hayupo, hakuzaliwa mwaka huo, bibi amekosea. Alirudi nyumbani akala wali sahani mbili.

Siku ya pili Concilie alimkuta anafunga kitabu.

"Umefika mwezi wa ngapi?"

"Wa kwanza, madamu. Hayupo."

"Endelea. Hapa watu hawapangwi kwa siku waliyozaliwa. Wanapangwa kwa siku ambayo baba alipata nafasi ya kuja. Na mwaka ule wababa hawakuwa na nafasi."

Kweli ilikuwa hivyo. Kulikuwa na wiki nzima bila jina hata moja, kurasa zikiruka kama hakuna aliyezaliwa Bujumbura, kisha siku moja watoto thelathini, mwandiko ukikimbia. Hayat alianza kuziogopa zile wiki nyeupe. Akasogea polepole, mwezi wa pili, mwezi wa tatu.

Alimkuta Ramazani tarehe ishirini na saba mwezi wa tatu. Alizaliwa mwezi wa kwanza tarehe kumi na tisa, mtoto wa Adija. Baba yake alikuwa amekuja kumwandikisha baada ya miezi miwili. Na chini yake hapo hapo, namba iliyofuata, siku ile ile, mwandiko ule ule: Faridi, alizaliwa mwezi wa tatu tarehe tatu, mtoto wa Idi na wa Shemsa.

Wababa wawili majirani walikuwa wametoka pamoja, siku ambayo barabara ilifunguka, wakaandikisha watoto wao pamoja. Watoto wa ziwa moja, mmoja chini ya mwingine, kwa wino wa serikali.

Hayat hakuandika kitu. Alifunga kitabu, akafunga kamba kwa fundo lile lile alilolikuta, akainuka. Alikuwa ameenda kutafuta uongo wa Bibi Kashindi, na alikuwa amempatia shahidi. Alifika mpaka nje kwenye jua ndipo Concilie alipomwita.

"We binti. Karangamuntu yako."

Akarudi. Concilie alikuwa ameunyoosha mkono wenye karangamuntu, kisha alipouona uso wa Hayat akairudisha kidogo.

"Amekufa mtu?"

Hayat hakujua baadaye yale maneno yote aliyatoa wapi. Alisema yote, kuanzia vitunguu mpaka pazia, na hakuyasema ndani ya mtandio. Concilie alimsikiliza, miwani ikining'inia.

"Subiri kwanza," akasema. "Kwetu wakristo maziwa ni maziwa tu. Mimi nilinyonya kwa mama mdogo wangu, na mtoto wake alitaka kunioa. Nilimkataa kwa sababu ya meno. Kwenu hiyo ingekuwa haramu?"

"Haramu kabisa, madamu."

"Basi ningekuwa na sababu nzuri kuliko meno. Njoo unionyeshe."

Wakafungua tena. Concilie alivaa miwani, akainama juu ya jina la Faridi, na akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji.

"Na huu msalaba hukuuona?"

Pembeni mwa ukurasa, mbele ya jina la Faridi, palikuwa na msalaba mdogo wa kalamu ya risasi, mwembamba kama unywele, na namba chini yake.

"Niliuona," Hayat akasema. "Niliona na mingine. Nilizani wanaweka alama kwa wakristo. Nikasema huyu karani alikosea, Faridi si mukristo."

Concilie alimtazama. Kisha alicheka, cheko refu lililomfanya avue miwani afute macho, na mtu wa meza ya pili akageuka.

"Mwanangu, wakristo hatuwekewi alama. Tungejaza kitabu. Huo msalaba muzee wa zamani wa hapa aliutia mwenyewe, ilikuwa desturi yake. Mtoto aliyeandikwa hapa akija kuandikwa kule, anamwekea msalaba, na namba ya kule."

"Kule wapi?"

Concilie aliacha kucheka. Alienda mwenyewe kati ya rafu, na Hayat alisikia kamba ikifunguliwa. Kitabu alichorudi nacho kilikuwa chembamba zaidi. Akatafuta namba, akapata, akasoma kwanza peke yake, kisha kwa Kiswahili, taratibu, akigeuza neno baada ya neno.

"Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa kumi, tarehe kumi na moja. Amefika mbele yetu Adija, umri wa miaka thelathini na mitatu, mama wa nyumbani, wa Buyenzi. Ametuambia kwamba jana saa tatu asubuhi amekufa mtoto Faridi, wa kiume, wa miezi saba, mtoto wa Idi aliye safarini na wa Shemsa aliye mgonjwa. Aliyetoa habari ni jirani. Hajui kuandika. Ameweka kidole."

Chini palikuwa na kidole chenyewe, cha rangi ya zambarau, mistari yake yote wazi. Hayat aliusogeza mkono.

"Usiguse," Concilie akasema, lakini kwa sauti ndogo. "Ni nani wako?"

"Bibi yangu."

Kiwandani kengele ya zamu ikalia.

"Huyu amekufa," Hayat akasema mwishowe, kama anajaribu daraja kwa mguu mmoja. "Yule aliyenyonya amekufa."

"Na wako anakunywa chai mlangoni kwenu. Wawili hao. Si mmoja." Concilie alianza kutafuta karatasi za nakala. "Wazazi walikuwa wanafanya hivyo sana. Mtoto anakufa, anayefuata anapewa jina lile lile, hasa likiwa jina la babu. Na vita ikikukuta mbali bila karatasi, ile ya marehemu iko ndani ya sanduku. Shule inataka cheti, unatoa ile. Nimeona wanaume na ndevu zao wanatembea na tarehe za ndugu zao. Kaa hapo. Mkuu yupo leo, atapiga muhuri."

Hayat alikaa. Alishangaa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, kwa ajili ya mtoto yule mdogo kama kidole. Aliona aibu kumfurahia hivyo. Akamsomea Fatiha kimoyomoyo.

*

Hakupiga simu. Habari kama ile haikutosha kwenye simu. Alitembea kutoka depo mpaka gereji, jua la saa saba kichwani, karatasi kifuani chini ya nguo.

Faridi alikuwa chini ya lori, miguu tu nje. Bonfils, fundi mwenzake mwenye mdomo mrefu, alimwona Hayat kwanza.

"Faridi, toka. Mupwa wako amekuleteya chakula."

Mafundi wakacheka. Siku nyingine Hayat angegeuka akaondoka.

"Mimi si mupwa wake," akasema.

Hakusema kwa ukali. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia akiongea pale, na spana zote zilinyamaza. Faridi alijisukuma kutoka chini ya lori, mafuta mpaka kwenye nyusi, akapokea karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue. Yeye Kifaransa alikijua. Alisoma, akarudia, akakaa juu ya tairi.

"Hapa wameandika nimekufa," akasema.

"Si wewe."

"Iko jina langu. Ya baba, ya mama."

"Ulikuwa na kaka," Hayat akasema. "Yeye ndiyo alinyonya kwa bibi. Alikufa na miezi saba. We ulikuja nyuma, wakakupa jina lake. Na karatasi yake."

Faridi alibaki ameikodolea macho. Bonfils, aliyetaka kusema kitu, akafikiri, akaenda kuwafukuza wengine warudi kazini.

"Shuleni nilikuwa mudogo kuliko wote," Faridi akasema polepole. "Kila mwaka. Wenzangu wameng'oka meno zote, mi bado niko na za utoto. Shangazi alininywesha mafuta ya samaki mpaka nikachukia ziwa lote la Tanganyika. Kumbe nilikuwa na miaka ya watu wengine." Akainua macho. "Mama hakuniambia. Baba naye hakusema hata siku moja."

"Pengine hawakuweza."

"Pengine." Akafuta uso kwa mkono wa shati, akaupaka mafuta zaidi. "Sheikh anajua?"

"Nilianza na wewe."

Hapo ndipo alipoanza kucheka, taratibu, kama injini inayoshika baada ya kukataa asubuhi nzima. Alisimama, akakumbuka kwamba hakuna ruhusa ya kumshika mkono, akarudi nyuma hatua moja kamili, mikono nyuma. Hatua hiyo moja ilimfurahisha Hayat kuliko maneno yote ambayo angeweza kuyasema.

*

Sheikh Uthmani alisoma karatasi ile mbele ya wote siku ile ile, uani kwa mama Hayat. Kisha akamgeukia Bibi Kashindi, ambaye tangu siku ya vitunguu alikuwa amekonda na hakuwa anatoka nje ila kwa lazima.

"Bibi, wewe mwaka ule ulikaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka mwezi wa saba, Sheikh. Nilikimbilia Kigoma. Nilirudi nyuma ya miaka mitatu."

"Na ulipomwacha yule mtoto?"

"Alikuwa muzima. Ameanza kunenepa, mashavu hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Niliporudi nikakuta Idi na Shemsa nao wamerudi kutoka Uvira, wako na mutoto wa kiume, anaitwa Faridi. Ningeuliza nini? Nilisema, ni yule."

"Walikwenda Uvira lini?"

Mama Hayat alijibu hilo. "Mi nilirudi kutoka Rumonge mwisho wa mwaka, nikakuta nyumba yao imefungwa. Wameshakwenda." Akasita, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga kitu gizani akakitambua kwa mguu. "Na Ramazani nilimukuta ameachishwa. Hata mwaka hajafika, anakunywa uji. Nikamuuliza mama kwa nini mapema hivi. Akasema maziwa yamekatika tu. Hakusema zaidi, na alikuwa anaumwa macho. Nilizani ni macho."

Kila mtu alikuwa anamwona Adija, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, akitoka peke yake kwenda kuandikisha mtoto wa jirani aliyemfia mikononi, akarudi nyumbani na kifua kilichokataa.

Sheikh akakunja karatasi kwa mikunjo yake.

"Basi ni hivi. Aliyenyonya alikufa, Mungu amfanye kitangulizi kwa wazazi wake. Huyu aliye hai amezaliwa baadaye, katika nchi nyingine, na Adija hakuwa na maziwa. Bibi Kashindi alisema kweli tupu, ila alimsemea mtoto mwingine. Hakuna shaka iliyobaki kwangu. Ndoa ni halali."

Bibi Kashindi alianza kulia. Walidhani ni furaha, na furaha ilikuwemo. Lakini alisema, "Yule mutoto wangu mwekundu alikufa, na mi miaka yote hii namuona anapita barabarani." Wakamsubiri. Sheikh alinyanyua mikono, akamwombea dua Faridi wa kwanza, na wote wakaitikia amina, Faridi wa pili kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Baada ya dua watu hawakujua wafanye nini na furaha yao. Houda ndiye aliyeanza.

"Sasa mimi nina neno," akasema. "Kumbe kijana wangu ni mudogo labda miaka miwili kuliko tulivyosema. Ile mahari tuliyokubaliana ilikuwa ya mutu muzima."

"Jaribu," mama Hayat akajibu. "Tena jaribu, mafuta ya samaki yako tutaitoa kwenye mahari."

Wakacheka mpaka Sheikh akafunika mdomo. Kisha ubishi ukaanza, ubishi wenyewe, ule ambao ulikuwa umeachwa katikati ya vitunguu: mbuzi au ng'ombe, turubai la nani, wageni wa kutoka mtaa wa Kinanira watakaa upande gani, nani atamwambia Ramazani akate tiketi. Kila mmoja alisema juu ya mwenzake. Hayat alikuwa jikoni anapima majani ya chai, na kelele ile yote ilimwingia masikioni kama maji ya baridi kwa aliyefunga. Aligundua kwamba mabega yake yalikuwa juu tangu wiki ngapi sijui. Akayashusha.

"Jumapili ipi basi?" Sheikh akauliza. "Hii ya karibu, au ile inayofuata? Mfungo unakuja."

"Inayofuata," Houda akasema. "Hii ya karibu ni siku nne, Sheikh. Hata nguo haijashonwa."

"Inayofuata," mama Hayat akakubali. "Tukiharakisha, watu watasema tulikuwa na njaa."

"Na bibi harusi amesema nini?" akauliza Bibi Kashindi, macho bado yana maji. "Si yeye aliyekwenda kuchimbua vitabu?"

Wakageukia mlango wa jikoni. Kwa kawaida swali kama hilo lilikuwa la adabu tu, kwa maana wote walijua Hayat atainamisha kichwa na mama yake atajibu.

"Hii ya karibu," Hayat akasema.